Tunduma Isipolala, Nani wa Kulalamikiwa?

Ndugu msomaji, ikiwa umepata kulala Tunduma walau usiku mmoja, utakuwa umekwisha kujua kwamba mji ule haufumbi macho. Malori yaendayo Zambia na Kongo hunguruma barabarani yakingoja zamu ya kuvuka mpaka. Mashine za kusaga na majenereta huitikiana kama majogoo, na muziki wa baa hupenya madirishani hata kwa yule aliyejifunika blanketi gubigubi kwa baridi ya nyanda za juu. Mwaka 2019 Kituo cha Huduma kwa Pamoja cha Tunduma na Nakonde kilifunguliwa kwa nia ya kuharakisha safari za mizigo, na kwa hakika kilikuwa hatua kubwa. Lakini foleni ya malori bado huja na kuondoka, na inapokuja huja na injini zake.

Kwa msafiri, hayo ni masimulizi ya kuwapelekea watu nyumbani. Je, kwa kuli aliyeshusha magunia ya mahindi kutwa nzima? Kwa muuguzi atakayeingia zamu alfajiri? Kwa mtoto wa darasa la saba anayeukabili mtihani wake? Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 1999 kwamba ili mtu apate usingizi mzuri, kelele inayoendelea mfululizo chumbani isizidi desibeli 30. Wala desibeli hazihesabiwi kama shilingi. Kelele ikipanda kwa desibeli 10, nguvu yake imezidi mara kumi, na sikio huisikia kana kwamba imeongezeka maradufu. Kwa hiyo yule anayesema “nimepandisha kidogo tu” huenda amempandishia jirani yake mara mbili.

Sheria ipo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 ilimpa kila mtu aishiye Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, na ikamruhusu kwenda mahakamani kuitetea. Mwaka 2015 zikafuata kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo, ambazo zinatofautisha mtaa wa makazi na eneo la viwanda, na mchana na usiku. Usiku ndio wenye masharti makali zaidi, jambo ambalo hata bibi yako asiyejua kusoma angekuambia.

Kadhia huanza pale mtu anapotaka kuitumia sheria hiyo. Tuseme wewe ni mkazi wa Sogea au Kaloleni, na ukumbi wa jirani unakesha ukipiga ngoma. Kwanza utamwendea balozi wako wa nyumba kumi, naye atakwenda kumsihi mwenye ukumbi kwa maneno ya ujirani mwema. Yasiposikilizwa, utakwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, kisha kwa mtendaji wa kata, kisha kwa afisa mazingira wa Halmashauri ya Mji. Hapo ikishindikana, iko ofisi ya kanda ya Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, ambalo wengi tunalijua kwa herufi zake, NEMC. Ofisi hiyo iko Mbeya. Kutoka Tunduma hadi Mbeya si mbali kwa lori. Ni mbali kwa mtu anayelipwa kwa siku.

Na tuseme mkaguzi amekuja. Amekuja saa nne asubuhi, na kipimo chake mkononi. Ukumbi umefungwa, mhudumu anafagia, ndege wanalia juu ya bati. Ataandika nini? Mwandishi wa makala haya anaona kwamba hapa ndipo malalamiko mengi yanapokufa. Hayauawi na mtu mwenye nia mbaya. Kelele hutokea usiku na ofisi hufunguliwa asubuhi, basi.

Usidhani kwamba hayo ni matatizo ya Tunduma peke yake. Huko Victoria, Australia, kuna shamba la mitambo 52 ya umeme wa upepo liitwalo Bald Hills, lililoanza kazi mwaka 2015. Majirani walilalamika kwamba mvumo wa mapanga ya mitambo huwanyima usingizi. Mitambo ya aina hiyo ina tabia ya pekee: yapo majira ya usiku ambapo chini ni shwari kabisa, jani halitikisiki, lakini huko juu yaliko mapanga upepo unavuma. Ndipo mvumo husikika wazi, kwa kuwa hakuna sauti nyingine ya kuufunika. Mwenye mitambo alisisitiza kwamba vipimo vyake viko ndani ya masharti ya kibali. Majirani wawili hawakuridhika, wakaenda mahakamani. Machi 2022, Mahakama Kuu ya Jimbo la Victoria iliamua kwamba kelele za usiku zilikuwa kero kisheria, na kwamba mwenye mitambo hakuthibitisha kuwa ametimiza masharti hayo. Majirani wakaamriwa kulipwa fidia ya dola 260,000 za Australia kwa jumla, na kampuni ikaagizwa kuipunguza kelele hiyo.

Wadenmaki, ambao ni mabingwa wa umeme wa upepo, walichagua kuyamaliza mambo mapema. Kwao mtambo haujengwi karibu na nyumba kwa umbali usiofika mara nne ya urefu wake wote. Nje ya nyumba iliyo peke yake shambani, kelele isizidi desibeli 44 upepo unapovuma kwa meta 8 kwa sekunde. Na kwenye makazi ya watu wengi, isizidi 39. Zaidi ya hayo wakaweka kikomo cha desibeli 20 ndani ya nyumba kwa ule mvumo mzito wa chini, ambao mtu huuhisi kifuani kuliko kuusikia masikioni.

Huenda unauliza, upepo unatuhusu nini sisi wa malori? Unatuhusu. Mitambo mitatu ya upepo ya Mwenga, yenye jumla ya megawati 2.4, imekuwa ikizalisha umeme huko Mufindi tangu mwaka 2020. Makambako, kwenye barabara hii hii kuu iendayo Tunduma, upepo ulikwisha kupimwa na kuonekana unavuma kwa wastani wa meta 8.9 kwa sekunde. Umeme huo tunauhitaji, na mtambo wa upepo ni jirani mwenye adabu kuliko jenereta la dizeli. Lakini siku utakapokuja, afisa yule yule anayeshindwa na ukumbi wa Sogea ndiye atakayeletewa malalamiko ya mapanga.

Kuna jambo jingine ambalo watu hulinong’ona tu. Halmashauri inayopokea lalamiko lako ndiyo pia inayopokea ada ya leseni ya yule unayemlalamikia, na ushuru huo ndio unaozoa taka na kukarabati barabara za mitaa. Si rahisi kumkemea anayekulisha. Pengine ndiyo sababu hatua kubwa hutoka juu, kwa kishindo, kama ilivyotokea Septemba 2022, NEMC lilipofungia kumbi na baa 89 katika mikoa kadhaa kwa mara moja kwa sababu ya kelele. Wenye kumbi walilia kwamba wafanyakazi wao watakosa riziki, na kilio hicho hakikuwa cha uongo. Wapishi, wahudumu na walinzi hawakuchagua sauti ya spika. Laiti yule wa kwanza angeonywa, akapimwa usiku, akapewa muda wa kuziba kuta au kugeuza spika zake, wangefungiwa 89?

Lori nalo ni mgogoro wa namna yake. Baa ina anwani. Lori likishakukosesha usingizi, asubuhi liko Nakonde, na injini inayonguruma dirishani kwako usiku unaofuata ni ya mwingine. Huwezi kumshtaki. Hapo hakuna dawa isipokuwa maegesho mbali na nyumba za watu na mpaka unaopitika haraka.

Nakonde yenyewe je? Sauti haina pasipoti, na mkaguzi wa Tanzania hana mamlaka hata hatua moja ng’ambo ya mpaka. Tena saa za Zambia ziko nyuma ya zetu kwa saa moja. Ukumbi wa ng’ambo unaofunga muziki saa nne kamili usiku, kwa utii wote, utakuwa umekukesha wewe wa Tunduma hadi saa tano.

Basi ukienda kulalamika, ndugu msomaji, nenda na daftari. Andika tarehe, saa kelele ilipoanza, saa ilipokoma, na ilitoka upande gani. Waombe majirani watatu wanne nao waandike yao. Kisha mwombe afisa mazingira aje usiku, na kipimo kiwekwe dirishani kwako, pale unapolaza kichwa.