Je, Wajua? Mwanga Umepata Kazi Mpya

Mwanga si wa kuonea tu. Katika utafiti wa fizikia siku hizi unaongoza radi, unapima mvutano wa dunia na kunasa matetemeko. Je, wajua kwamba…

…radi huweza kuongozwa kwa leza? Mwaka 2021, kwenye mlima Säntis nchini Uswisi, watafiti walirusha mapigo 1,000 ya leza kila sekunde kupita kileleni mwa mnara wa mita 124, ambao hupigwa na radi mara 100 hivi kwa mwaka. Leza hupasha hewa joto na kuacha njia ambayo umeme huipita kwa wepesi. Radi moja ilionekana ikiifuata kwa takriban mita 50.

…leza zimewahi kuwasha moto wa nyota? Tarehe 5 Desemba 2022, kituo cha leza cha NIF huko California kilielekeza miale 192 ndani ya kijisilinda chenye kidonge cha hidrojeni kisichozidi ukubwa wa punje ya pilipili manga. Viini vya hidrojeni viliungana kama ndani ya nyota: ziliingia megajuli 2.05 za nishati, zikatoka 3.15. Lakini tusishangilie mapema: leza zenyewe zilivuta takriban megajuli 300 za umeme kutoka gridi.

…saa huweza kugundua tofauti ya kimo cha milimita 1? Einstein alieleza kwamba muda huenda polepole zaidi kadiri unavyoikaribia dunia, kwa sababu ya mvutano wake. Mwaka 2022, timu ya Jun Ye katika taasisi ya JILA, Colorado, ilitumia leza kusoma wingu la atomu za strontiamu lenye kimo cha milimita 1, ambalo ndilo saa yenyewe. Muda wa atomu za juu ulikwenda kasi kidogo kuliko wa zile za chini.

…kebo ya intaneti husikia tetemeko? Kebo ya Curie hupita chini ya bahari kutoka Los Angeles hadi Valparaíso, Chile, kiasi cha kilomita 10,000. Zhongwen Zhan wa chuo cha Caltech na wenzake hawakuongeza kifaa chochote baharini; walichunguza tu jinsi mwelekeo wa mtetemo wa mwanga wa mawasiliano ulivyobadilika njiani. Katika miezi tisa walinasa matetemeko 20 hivi, na matokeo yakachapishwa mwaka 2021.

…rangi ya ukutani hupoza bila umeme? Mwaka 2021, Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, kilitangaza rangi nyeupe ya bariamu salfeti inayorudisha 98.1% ya mwanga wa jua. Joto lake hutoka kama miale isiyoonekana, inayopenya hewa hadi anga za juu. Hata jua la mchana likiwaka, ukuta hubaki na baridi kuliko hewa inayouzunguka.

…paneli za sola zinavuka ukomo wa silikoni? Silikoni peke yake haiwezi kugeuza zaidi ya 29.4% hivi ya mwanga kuwa umeme. Watafiti sasa hulaza juu yake tabaka la perovskaiti, aina ya fuwele: tabaka la juu huvuna mwanga wa bluu na kijani, la chini huvuna mwekundu. Mwaka 2024 kampuni ya LONGi ya China ilifikisha 34.6% katika seli ya majaribio. Kazi iliyobaki ni kuifanya perovskaiti idumu juani miaka mingi.

…swali la mwanafunzi wa Tanzania bado linawashughulisha wanafizikia? Mwaka 1963, Erasto Mpemba, akiwa kidato cha tatu katika shule ya sekondari ya Magamba, aliweka maziwa ya aiskrimu kwenye friji yakiwa bado moto, yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuwa moto; akauliza kwa nini. Mwaka 1969 yeye na Denis Osborne, mhadhiri wa chuo kikuu huko Dar es Salaam, walichapisha makala kuhusu jambo hilo, ambalo sasa huitwa athari ya Mpemba. Mwaka 2020, nchini Kanada, Avinash Kumar na John Bechhoefer walisukuma kwa leza punje ya kioo isiyoonekana kwa macho, iliyokuwa majini. Ilipoanzia kwenye joto kubwa zaidi, iliweza kupoa mapema kuliko ilipoanzia kwenye uvuguvugu. Mwaka 2024 athari hiyo ikaonekana pia katika ayoni zilizonaswa na kuendeshwa kwa leza. Kuhusu maji yenyewe, wataalamu wangali wanabishana.