Fahamu: Nyumba zilizopotea za Embu na Meru

Jumba la Summerhill nchini Ireland lilichomwa moto mwaka 1921, lakini historia yake inaandikwa hadi leo kwa sababu mwenyewe alikuwa bwana mkubwa aliyeacha picha na hati. Maboma ya Embu na Meru nchini Kenya hayakuwa na bahati hiyo. Kuanzia Juni 1954, serikali ya kikoloni ya Uingereza iliwahamisha Wakikuyu, Waembu na Wameru zaidi ya milioni moja hadi vijiji zaidi ya 800, vilivyozungukwa na mahandaki yenye miti iliyochongwa ncha, ili wapiganaji wa Mau Mau, waliopinga ukoloni, wakose chakula. Nyumba zilizoachwa zilichomwa au kubomolewa.

Wapo watakaosema nyumba ya udongo na nyasi ingeoza yenyewe. Kweli, lakini mwenyewe angeijenga upya papo hapo, kando ya ghala lake na mpaka alioachiwa na babu. Pauni milioni 19.9 ambazo Uingereza ilikubali kulipa mwaka 2013 zilihusu mateso ya wakati huo, si nyumba hizo. Kesi ya Wakenya zaidi ya 40,000, iliyogusa pia uhamisho huo, ilitupwa London mwaka 2018. Kwa hiyo ushahidi wa wazee kuhusu nyumba hizo ukusanywe sasa, wangali hai.