Taka za mkonge: gesi zaidi zikiandaliwa kwanza

Wingi wa bayogesi hautegemei wingi wa taka peke yake. Watafiti wa Tanzania na Sweden wamethibitisha kwamba mabaki magumu ya mashambani hutoa nishati zaidi iwapo yataandaliwa kabla ya kuingizwa mtamboni.

Katika mtaa wa Husby, kaskazini magharibi mwa Stockholm, ambako wanaishi wahamiaji wengi wakiwemo waliotoka Pembe ya Afrika, maganda ya viazi na masalia ya wali hutengwa na takataka nyingine. Tangu tarehe 1 Januari 2024, sheria ya Sweden inazitaka serikali za mitaa kuhakikisha kwamba mabaki ya chakula yanakusanywa peke yake.

Mabaki hayo husagwa, huchanganywa na maji hadi yakawa kama uji, kisha hupashwa moto wa nyuzi joto 70 kwa muda wa saa moja ili kuua vijidudu vya maradhi. Ndipo huingizwa katika matangi yasiyopitisha hewa, ambamo bakteria huyageuza kuwa gesi. Baadhi ya mabasi ya Stockholm huendeshwa kwa gesi ya aina hiyo.

Ukuta wa lignini

Mabua ya mahindi na taka za mkonge, hata hivyo, si laini kama masalia ya jikoni. Chakula wanachokitafuta bakteria humo ni selulosi, nayo imezingirwa na lignini, kitu kigumu kinachoupa mmea uimara wake. Bakteria wasiotumia hewa karibu hawawezi kabisa kuivunja lignini. Kama vile mpishi wa makande anavyoloweka maharage kabla ya kuyapika, mwenye mtambo hana budi kuulainisha ukuta huo kwanza.

Nchini Tanzania suala hili lina uzito wa pekee. Nyuzi ni kama asilimia 4 tu ya uzito wa jani bichi la mkonge. Sehemu kubwa iliyobaki hutoka kwenye mashine ya kusinga, maarufu kwa jina la korona, ikiwa makapi na maji machafu. Yakitupwa ovyo, makapi hayo huchafua mito na huoza huku yakitoa methani, gesi inayochangia kuongezeka kwa joto duniani.

Matokeo ya utafiti

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiongozwa na Anthony Mshandete na Amelia Kivaisi, walishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Lund, kusini mwa Sweden. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2005, makapi ya mkonge yaliyotiwa hewa kwa saa 9 kabla ya kufungiwa yalitoa methani zaidi kwa asilimia 26. Muda huo ulipozidi, faida ilipungua, kwa kuwa vijidudu vinavyotumia hewa hula chakula ambacho kingegeuzwa kuwa gesi.

Mwaka 2006 waliripoti kwamba taka za nyuzi zilizokatwa hadi vipande vya milimita 2 zilitoa lita 220 hivi za methani kwa kila kilo ya maada kavu inayoweza kuoza, badala ya lita 180 hivi. Hilo ni ongezeko la asilimia 23. Aidha, kuvu wanaoishi kwenye mkonge unaooza nao walijaribiwa, kwa kuwa wana uwezo wa kuishambulia lignini.

Gharama na manufaa

Kila njia ina gharama yake. Kusaga hutumia umeme. Magadi makali huhitaji kununuliwa na huacha chumvi. Kuvu huhitaji siku nyingi. Ikiwa nishati iliyotumika katika maandalizi inazidi ile iliyoongezeka, kazi hiyo ni hasara tupu.

Mwaka 2008 mtambo wa majaribio wa kuzalisha umeme kutokana na taka za mkonge, wenye uwezo wa kilowati 150, ulizinduliwa katika shamba la Hale, mkoani Tanga.

Kwa mkulima mdogo, maandalizi hayahitaji mashine kubwa. Mabua makavu yakitiwa mtamboni yakiwa mazima huelea, hufanya utando mgumu juu na huziba njia. Yakikatwakatwa vipande vidogo na kulowekwa pamoja na samadi ya ng'ombe kabla ya kutiwa, huzama na kuoza kwa wepesi zaidi. Tope linalobaki baada ya gesi kutoka hurudi shambani kuwa mbolea.