Divai nyeupe ya Chablis: kazi ya koperative

Huko Ufaransa, katika jimbo la Bourgogne, kuko mji mdogo unaitwa Chablis. Divai nyeupe ya pale inajulikana dunia nzima. Inatoka kwa zabibu za aina moja tu: Chardonnay.

Mkulima mdogo akiuza divai peke yake, mnunuzi ndiye anapanga bei. Juu ya ile, mwaka 1923 wakulima wa Chablis, pamoja na padri Balitran, waliunda koperative yao: La Chablisienne. Mwanzo kila memba alikuwa anatengeneza divai kwake, koperative inauza. Kisha wakabadilisha: memba anakamua zabibu, analeta maji yake ingali mabichi, na koperative ndiyo inatengeneza divai. Hivi ladha inakuwa moja, na mnunuzi anajua kitu anachonunua.

Leo wamemba ni karibu 300, na wanatoa karibu robo ya divai yote ya Chablis. Wanatoa hata Château Grenouilles, divai ya kilima cha Grand Cru, ile daraja ya juu kabisa.

Kwa kahawa yetu ni vile vile. Memba akileta kahawa nyekundu, iliyoiva vizuri, mahali pa kuoshea, wote wanapata bei. Mmoja akichanganya na mabichi, anaharibia wote.

Basi, katika mkutano wenu muulizane: kwetu, nani anachunguza mavuno yakifika? Na yakiwa mabaya, yuko na ruhusa ya kuyarudisha?