Unga wa Lishe wa Pakiti: Mambo ya Kuangalia Kabla ya Kumpikia Mtoto

Mtoto anapotimiza miezi 6, maziwa ya mama pekee hayamtoshelezi tena, hasa kwa madini ya chuma, kwa kuwa akiba aliyozaliwa nayo huwa imepungua sana. Katika umri huo familia nyingi nchini Tanzania hununua unga wa lishe wa pakiti. Mbele ya pakiti huwa na picha ya mtoto mwenye afya. Taarifa zenye maana huandikwa nyuma, kwa herufi ndogo.

Kwanza, isomwe orodha ya viambato. Hiyo hupangwa kwa uzito, kuanzia kilicho kingi zaidi. Unga wenye sukari, chumvi, glukosi au sirapu usichaguliwe. Asali nayo haifai kwa mtoto wa chini ya miezi 12, kwani inaweza kubeba bakteria wanaosababisha botulizimu, ugonjwa unaopoozesha misuli.

Pili, wingi wa nafaka si wingi wa virutubishi. Mahindi, ulezi, mtama na mchele ni wa kundi moja la chakula. Nafaka moja au mbili pamoja na soya au kunde nyingine zinatosha. Aidha, vyakula hivi vina fitati inayozuia mwili kufyonza madini ya chuma; kwa hiyo unga ulioongezwa madini hayo, na kiasi chake kikaonyeshwa, ni bora zaidi.

Tatu, usalama. Mahindi na karanga zisizokaushwa vizuri huota ukungu unaozalisha sumukuvu. Sumu hiyo haionekani kwa macho, wala kuchemsha uji hakuiondoi. Mwaka 2016 ilisababisha vifo katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kwa sababu hiyo, pakiti isiyo na alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), au isiyo na tarehe ya mwisho wa matumizi, isinunuliwe.

Hata unga mzuri hautoshi peke yake. Uji uwe mzito, na mtoto apewe pia yai, maini au dagaa waliosagwa, mboga na matunda, huku akiendelea kunyonya hadi miaka 2 au zaidi. Mhudumu wa afya anaweza kumwomba mzazi aje kliniki na pakiti anayoitumia, wakaisoma pamoja.