Fayard Nicholas: Dansi Iliyokatwa kwa Makasi

Juma lililopita tulieleza jinsi picha za sinema zinavyounganishwa kipande kwa kipande. Leo tutaona jinsi kazi hiyo ya kuunganisha ilivyotumika kumpunja fundi mkubwa wa dansi.

Fundi huyo ni Fayard Nicholas, Mmarekani mweusi, aliyezaliwa mwaka 1914. Baba yake alipiga ngoma na mama yake alipiga piano katika jumba la michezo mjini Philadelphia. Fayard hakusomea dansi. Aliketi akawatazama wachezaji jukwaani, kisha akaenda nyumbani kujaribu. Alipokwisha kuelewa, akamfundisha mdogo wake Harold, aliyezaliwa mwaka 1921. Mwaka 1932 wakaanza kucheza katika Cotton Club, New York, mahali ambapo wachezaji walikuwa weusi lakini wateja walikuwa weupe.

Dansi yao ilikuwa ile ya viatu vyenye vipande vya chuma chini ya soli, ambavyo hugonga sakafu kama ngoma. Wao wakaongeza kuruka na kutua miguu imetanuka, mmoja mbele na mmoja nyuma, mpaka mapaja yalale sakafuni; kisha huinuka bila kushika chini kwa mikono.

Kuanzia mwaka 1940 walionekana katika picha za kampuni ya 20th Century-Fox, kama vile Down Argentine Way. Lakini mtazamaji makini ataona jambo: ndugu hao huingia, hucheza dakika chache, hutoka. Hawana sehemu katika hadithi. Kwa nini? Katika majimbo ya kusini ya Marekani ubaguzi ulikuwa mkali, na wenye sinema wengi hawakutaka kuonyesha watu weusi ila wakiwa watumishi. Kwa hiyo dansi yao iliwekwa peke yake, ili ikikatwa kwa makasi hadithi isiharibike. Ustadi wao uliuza picha kaskazini, na kusini ulitupwa.

Sasa linganisheni na Stormy Weather ya mwaka 1943. Humo wachezaji wakuu wote ni weusi, na dansi ya ndugu hawa imewekwa karibu na mwisho, kama kilele. Wanashuka ngazi kubwa, kila mmoja akimruka mwenzake na kutua miguu imetanuka kwenye kidato cha chini. Fayard alisimulia kwamba waliicheza mara moja tu mbele ya kamera.

Sheria ya mwaka 1964 ilikataza ubaguzi katika majumba ya sinema, lakini wakati huo siku za picha kubwa za dansi zilikuwa zinakwisha. Hata hivyo Fayard hakuacha. Mwaka 1989 alipata tuzo ya Tony, pamoja na wenzake watatu, kwa kupanga dansi za mchezo wa Black and Blue. Harold alifariki mwaka 2000, na Fayard mwaka 2006.

Basi tukumbuke hili: tukitaka kujua mtu alithaminiwa kiasi gani, tusitazame makofi peke yake. Tutazame pia kama aliwekwa ndani ya hadithi, au pembeni.

Swali la vikundi: Katika kazi mnazozijua, ni nani anayetumiwa kwa ustadi wake lakini hahesabiwi? Zungumzeni, mwandike majibu. Kwaherini.