Majani ya ndimu yenye vipele: si ulozi, ni kidudu

Tangu mvua zianze, maswali tunayopokea kwenye mikutano ya chama ni ya miti ya lupangu kuliko ya masomo ya watoto. Mmoja baada ya mwingine analeta jani la ndimu mkononi. Juu limejaa vipele kama ngozi iliyopigwa na baridi ya mwezi wa saba, chini lina vishimo. Na swali ni lile lile: nani ameuroga mti wangu?

Swali hilo si la kuchekwa. Katika barabara moja ya Katuba, majirani wawili hawasalimiani tena. Mmoja ana mndimu, mwingine ana mchungwa uliokuwa unamsaidia kulipa masomo ya watoto. Machungwa yakaanza kuwa madogo na machungu, na wakati huo huo mndimu wa ng'ambo ya ukuta ukajaa vipele. Maneno yakaanza hapo. Sisi walimu tukaona afadhali tulieleze jambo hili polepole, maana ndani yake kuna ukweli nusu.

Chukua jani changa lenye vipele, ligeuze, uliweke kwenye mwanga. Ndani ya kishimo utaona kidudu bapa, cha manjano, kimelala kimya, na pembeni mwake kuna nyuzi nyeupe kama kitambaa cha meza kilichoshonwa kwa mkono. Wataalamu wanakiita Trioza erytreae. Ni mwenyeji wa Afrika, na Kongo yetu ni kati ya nchi anazoishi. Anapenda nchi za juu zenye baridi kidogo, na joto kali lenye ukavu humuua. Lubumbashi iko juu ya bahari kwa mita 1,200 na zaidi. Hapa hana shida. Akikomaa anaota mabawa ya kung'aa kama kioo, urefu wake hauzidi milimita 4 hivi, na anapokula huinua makalio juu, kichwa chini. Watoto wakishaonyeshwa mara moja hawamsahau! Jike mmoja anaweza kutaga mayai hadi 2,000, yote kwenye majani machanga.

Ila kishimo kile hakukichimba. Hapo ndipo somo lilipo. Kidudu kinachoma jani kwa mdomo mwembamba kama sindano na kunyonya utomvu, na jani linalokua linalijibu jeraha hilo: sehemu ile inajikunja, inavimba upande wa juu, inaacha kishimo upande wa chini. Kwa hiyo nyumba ya kidudu imejengwa na mti wenyewe. Kama jani limekwisha kukomaa, haliwezi tena kuvimba. Ndiyo sababu vipele vinaonekana kwenye machipukizi, na ndiyo sababu jani lililopata vipele haliponi hata kidudu kikiondoka.

Vidudu vingine ni vya ajabu zaidi. Kuna jamii ya utitiri, ndugu wa mbali wa ule wa kuku, wenye urefu wa milimita 0.2 tu na miguu minne badala ya minane. Macho hayawaoni. Katika Afrika ya Mashariki wanashambulia viazi vitamu: shina na majani ya matembele yanaota manyoya meupe kama sufu. Zamani wataalamu wa Ulaya walipoona manyoya ya aina hiyo kwenye miti yao waliyadhania kuwa ni ukungu, wakayapa hata jina la ukungu. Daktari wa Italia, Marcello Malpighi, ndiye aliyeonyesha katika miaka ya 1670 kwamba uvimbe mwingi wa mimea unatoka kwa wadudu wanaotaga mayai humo. Na wino ulioandikiwa vitabu vya Ulaya kwa karne nyingi ulitengenezwa kwa mabonge ya mti wa mwaloni, yanayosababishwa na nyigu wadogo.

Wanaolima bustani tuwaambie neno moja juu ya mizizi. Mizizi ya nyanya ikivimba mafundo-mafundo, hao si wadudu wala utitiri, ni minyoo midogo sana ya udongo, na nyanya hiyo haitazaa vizuri. Lakini mizizi ya karanga na maharagwe ina vinundu vyake vya kawaida, vinavyobanduka kwa kidole na ndani vina rangi ya nyama. Hivyo vinalisha mmea. Tafadhali msiving'oe!

Turudi Katuba. Vipele peke yake haviui mndimu mkubwa. Hatari ni ugonjwa ambao Trioza anaweza kuubeba: bakteria inayoishi ndani ya mishipa ya mti. Ndimu inauvumilia kiasi, lakini mchungwa na mandarini huumia sana. Majani yanakuwa ya manjano bila mpango, nusu moja ya jani tofauti na nusu nyingine. Mti unaokosa mbolea tu hugeuka manjano pande zote sawasawa. Matunda yanabaki madogo, yamepinda upande, machungu, mbegu zimenyauka. Mtu akila hapati ugonjwa, lakini mti hauna dawa. Kwa macho tu hatuwezi kuuhukumu mchungwa wa yule mama, hilo ni kazi ya maabara. Lakini kwamba kitu kinaweza kuruka kutoka mndimu mpaka mchungwa, hapo hakukosea. Amekosea juu ya mrukaji.

Basi wafanye nini? Wakate machipukizi yenye vidudu, pande zote mbili za ukuta siku moja, kisha wayachome. Mmoja akikata peke yake, kazi ni bure. Wasichukue kijiti cha kuunganisha kutoka mti wenye dalili za manjano, maana ugonjwa unapita hapo pia, na wasinunue mche bila kuuliza umetoka wapi. Dawa za kupulizia zinazouzwa katika vichupa visivyo na jina, sisi tunazikataa kabisa mahali ambapo watoto wanapanda miti na kula ndimu bila kuosha.

Tena dawa hizo zinaua rafiki. Kuna nyigu mdogo wa Afrika, Tamarixia dryi, asiyemchoma mtu, anayetaga juu ya watoto wa Trioza na kuwamaliza. Kisiwa cha Réunion kilimleta kutoka Afrika Kusini katika miaka ya 1970, na Trioza akatoweka huko. Baadaye Trioza alifika Madeira mwaka 1994 na Hispania bara mwaka 2014, na Wahispania nao wakamtafuta nyigu yule yule. Ukiona kwenye kishimo kidudu kilichokauka, cha kahawia, chenye tundu dogo mgongoni, ujue nyigu amekwisha kupita. Jani la namna hiyo liache mtini.

Wanaotaka kutuletea majani Jumamosi wayafunge vizuri ndani ya sashe kabla ya kutoka nyumbani, maana Trioza aliyekomaa anaruka.